Shoto na Kaburi Lenye Jina Lake

Na hilo nalo mnalisema, kwamba alikubali mwenyewe. Alikubali vipi? Mtu wa miaka kumi na saba, amekaa kwenye benchi la chuma nje ya wodi, hajalala siku tatu, dada yake amekata roho hata nusu saa haijapita, halafu mlitaka asimame abishane na mjomba wake mbele ya karani. Nyinyi mnaoropoka barazani hapo, wengine hamuwezi hata kumwambia mama mkwe kwamba mchuzi umezidi chumvi. Mtoto wa watu ndiyo mnamtaka awe jasiri.

Mnasema pia alikula jina la marehemu. Hakula. Alilishwa, kijiko kwa kijiko, na aliyeshika kijiko ni mama yake mzazi. Sasa nyamazeni kidogo mwelezwe ilivyokuwa, halafu ndiyo mseme.

Huyu binti shuleni walimwita Shoto, kwa sababu ya mkono. Anaandika kwa kushoto, anakata vitunguu kwa kushoto, akirusha jiwe ni kwa kushoto na halikosi. Dada yake alimzidi miaka minne. Ukiwaona kwa nyuma huwezi kujua nani ni nani: mabega yale yale, mwendo ule ule wa kama mtu anakwepa dimbwi. Kwa mbele walitofautiana kidogo sana. Tofauti kubwa ilikuwa darasani. Dada alisoma vitabu, Shoto alisoma dirisha. Dada akamaliza sekondari na cheti kizuri, Shoto akaishia darasa la saba na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Dada aliomba kazi kwa barua, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa. Jibu likaja Jumatatu: amepata, ajira ya kudumu, aripoti baada ya wiki mbili na cheti halisi mkononi. Nyumba nzima ikacheza. Jumatano Dada akaanza homa. Jumamosi saa tisa mchana, hospitali nyingine kabisa, upande wa pili wa mji, akafariki.

Sasa huyo karani. Akaja na fomu yake na kalamu sikioni, mpole tu, akauliza marehemu anaitwa nani. Mjomba akamtazama Mama. Mama akatazama sakafu. Mjomba akakohoa, akataja jina na mwaka wa kuzaliwa, polepole, herufi moja moja ili karani asikosee.

Lilikuwa jina la Shoto.

Shoto pale benchini alidhani anaitwa. Akasimama. Mjomba akamwekea mkono begani, akamkalisha, akamwambia, "Kaa, mama, kaa." Karani akauliza na huyu ni nani. Mjomba akasema huyu ni dada mkubwa wa marehemu.

Nje, chini ya bomba la maji, Mjomba akamfafanulia. Kuna mtu alimwambia kwamba jina likishaingia kwenye daftari la vifo, na cheti chake kinakufa hapo hapo. Majina yako mawili, mwili ni mmoja. Basi liende lile lisilo na kazi. Alisema hivyo hivyo, bila ubaya, kama mtu anayechagua kiti kibovu cha kupasua kuni. Na Shoto akaona hesabu imekaa sawa. Kwani yeye jina lake lilikuwa limefanya nini hadi siku hiyo?

Wakazika Jumapili. Watu walikuwa wachache, na jeneza halikufunguliwa, Mjomba alisema homa ile inaambukiza. Ili karatasi na kaburi visipingane, Mjomba akachukua msumari akaandika kwenye saruji mbichi jina zima la Shoto, mwaka wa Shoto, na chini yake Pumzika. Aliyemshikia karai la saruji ni Shoto mwenyewe. Wiki iliyofuata wakahama mtaa.

Siku zilizobaki kabla ya kuripoti kazini Mama alimfundisha. Sahihi ya Dada, kwa mkono wa kulia, kurasa na kurasa za daftari. Tarehe ya kuzaliwa ya Dada. Kucheka kwa Dada hakumfundisha, hakuna aliyefikiria hilo. Usiku mlango ukifungwa alimwita Shoto, akamsugua vidole vilivyokufa ganzi, akamwambia ni kazi tu, mwanangu, ukivuka lile geti unaivua.

Kile chumba cha kufulia ni kirefu kama treni. Mashine tano za kufua zinanguruma upande mmoja, upande wa pili ipo ile ya kunyooshea mashuka, magurudumu mawili marefu ya moto yanayobanana, shuka linaingia limejikunja linatoka kama karatasi. Mvuke kuanzia asubuhi. Mtu akiwa hatua kumi mbele yako unaona miguu tu. Msimamizi ni mama mmoja ambaye wote wanamwita Kamanda, sauti yake inazishinda mashine zote tano, na moyo wake ni laini, lakini hataki ijulikane.

Kamanda aliita jina la Dada siku ya kwanza, Shoto akaendelea kukunja mashuka. Akaita tena. Baada ya wiki akaamua huyu binti ana tatizo la masikio, akamshika mkono mwenyewe mpaka kwa daktari. Daktari akachungulia kwa kifaa chake chenye taa, akasema masikio haya yanasikia mpaka siri za jirani. Kamanda akasema basi ni kiburi. Ilichukua miezi mitatu. Siku moja Kamanda hajamaliza hata silabi ya pili, Shoto akageuka. Alifurahi. Hakujua alichokuwa anafurahia.

Kazi yake kubwa ikawa makoti ya madaktari. Kila koti lina jina la mwenyewe ndani ya kola, limeshonwa kwa uzi mwekundu, la sivyo yanachanganyika. Yeye ndiye aliyeshona hayo majina. Kutwa nzima anashona majina ya watu kwenye nguo za watu, na kichwani anajijengea falsafa yake ya kwanza: jina ni koti tu. Unavaa, unavua, aliye ndani ni yule yule. Ilimtosha kwa miaka kadhaa, na haikuwa falsafa ya mjinga, kuna watu na digrii zao wanaishi kwa kidogo kuliko hicho.

Mwaka wa nne akakutana na Kidoti. Kidoti ni rafiki yake wa darasani, walikaa dawati moja tangu darasa la tano, ana alama ndogo nyeusi juu ya mdomo, ndiyo jina lenyewe. Ilikuwa saa sita mchana, sokoni, jua kali. Kidoti alimwona, mfuko wa nyanya ukamtoka, nyanya zikabingirika hadi miguuni kwa watu, na yeye anarudi kinyumenyume huku midomo inasali. Shoto akataka kucheka, amwite, amwambie acha ujinga, ni mimi. Akainua mkono kumpungia, na mkono ulioinuka ni wa kulia. Akafungua mdomo, kilichotoka ni kicheko cha Dada, kile cha puani, cha mara mbili halafu kinakatika.

Kidoti akatulia. Akashika kifua, akasema, "Samahani, dada. Nilikufananisha na mdogo wako. Poleni sana kwa msiba."

Na Shoto akasema asante.

Akamsaidia kuokota nyanya. Akaenda zake nyumbani, akakaa kitandani na viatu mguuni hadi jioni. Asante ya nini? Anapokea pole ya kifo chake mwenyewe, tena kwa adabu. Hapo ndipo lile koti lilipoanza kumkaba shingoni.

Tatizo lilikuwa Mama. Kila mwaka, tarehe ile ile, walienda makaburini na ndoo na ufagio kusafisha. Mama alilia kwa kutaja jina lililoandikwa. Mtundu wangu, kitinda mimba wangu, mkono wako wa kushoto uliokuwa unamwaga uji. Miaka ya mwanzo Shoto alijua ni maigizo, makaburini pana watu, wengine wanasikiliza. Alisimama pembeni na ndoo, anasikiliza anavyoliliwa, saa nyingine anaona haya kama mtu aliyesifiwa mbele za wageni. Halafu ukaja mwaka wa mvua. Hapakuwa na mtu. Njia nzima ni matope, mlinzi kajifungia kibandani. Na Mama akalia vile vile. Magoti kwenye maji, shavu kwenye saruji, analia jina la Shoto, na Shoto yuko hatua mbili nyuma yake amemshikia mwavuli.

Alipochoka kulia akageuka akasema, "Angekuwepo leo tungecheka sana na huyu mdogo wako." Akampa mkono amnyanyue.

Shoto aliutazama uso wa mama yake muda mrefu, anatafuta ile ishara ya jicho ya miaka ya mwanzo, kwamba ni maigizo. Haikuwemo.

Tangu hapo hata mlango ukifungwa hakuitwa Shoto tena. Na Mama akawa anamkumbusha mambo. Siku ulipopata zawadi ya hesabu. Siku ulipong'atwa na mbwa wa mwalimu. Mara moja alikuja jirani, Mama akawa anamhadithia jinsi binti yake mkubwa alivyomwagikiwa maziwa ya moto akiwa na miaka mitano, akaushika mkono wa Shoto, akaugeuza ili alama ionekane. Na alama ilikuwepo. Juu kidogo ya kiwiko, ndefu, imekunjamana.

Jamani, ile alama Shoto aliipata kazini, mwaka wa pili, kwenye mashine ya kunyooshea. Anakumbuka mvuke, anakumbuka Kamanda akija mbio na ndoo ya maji baridi na matusi. Lakini jirani alipoondoka alikaa akiutazama ule mkono, na akakumbuka kitu kingine. Sufuria ya bati. Kigoda chenye mguu mfupi. Maziwa yanapanda, yanapanda, na yeye ananyoosha mkono. Wakati Dada anaungua yeye alikuwa mtoto wa mwaka mmoja, amefungwa mgongoni. Hakuweza kuyaona hayo. Aliyaona kwa macho gani?

Akamwendea Mama uani, anachambua mchele, akamuuliza bila kuzunguka, "Mama, Shoto yuko wapi?"

Vidole vikasimama juu ya ungo. "Unajua alipo," Mama akasema. "Kwa nini unanitonesha?" Akaendelea kutoa mawe.

Mnaona sasa. Mtu akikufokea unajua pa kukimbilia. Huyu hakufokewa hata siku moja. Alikuwa anafutwa taratibu, na kila aliyeshika kifutio alimwita mwanangu.

Mwaka wa tisa ndiyo akaja yule mchumba.

Dada alikuwa na mchumba, fundi wa mitambo, alienda mbali kufanya kazi kwenye machimbo miezi michache kabla ya kifo. Aliandika barua, zikawa zinarudi, si walihama. Akajua ameachwa, akanyamaza na uchungu wake. Sasa akaja hospitali ile kumleta mwenzake aliyevunjika mguu, anapita koridoni, anasoma ratiba ya zamu ukutani kwa sababu hana cha kufanya, na jina linamkodolea macho. Shoto alipotoka saa kumi alimkuta kasimama getini, kofia mkononi. Alimtazama sana, upande huu, upande ule, kama anayekagua injini. Halafu akamwita kwa jina la Dada na akatabasamu.

Mama alilia kwa furaha. Mjomba alivaa shati jipya. Ndani ya wiki tatu mazungumzo yalikuwa yameshafika kwenye tarehe, na hakuna aliyemuuliza Shoto lolote, ni kama alishajibu miaka tisa nyuma. Mchumba alikuja kila Jumapili alasiri. Alileta mafuta ya nywele ambayo Dada alikuwa anapaka. Alileta gauni la kijani alilolinunua kabla hajasafiri, alilikunja sandukuni muda wote ule, mistari ya mikunjo imeshageuka rangi. Mama akamwambia alijaribu. Likamkaa kama alipimwa. Hata pale kifuani palipokuwa pamepungua mwanzo, alipojitazama tena kwenye kioo, pameshajaa.

Na ile ya sukari. Shoto tangu utoto hapendi chai yenye sukari, Dada alikuwa mtu wa vijiko vitatu. Jumapili moja Mchumba alimwekea vitatu bila kuuliza. Akanywa. Ilikuwa tamu kwelikweli. Alimaliza kikombe chote.

Wiki hiyo kazini alishona jina lisilo sahihi kwenye koti la daktari wa meno. Alishona jina lake mwenyewe, lile la kaburini, kwa uzi mwekundu, herufi zote. Hakujua amefanya hivyo hadi Kamanda alipoligeuza akauliza huyu daktari mpya ni nani. Shoto akasema si mtu. Akaanza kufumua, na kila uzi aliouvuta aliuhisi kwenye meno. Alipofika herufi ya mwisho akaacha. Akaliacha koti lilivyo, na moyoni akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema: kama kuna mtu anadhani mimi ni mtu, ni huu mkono ulioshona peke yake.

Jumapili iliyofuata sebuleni walikuwa watatu. Mjomba kwenye kiti kikubwa, Mchumba kwenye kochi, Mama anaingia na kutoka jikoni. Shoto akamimina chai. Akamshikia Mchumba kikombe kwa mkono wa kushoto, akasema, "Shemeji, chai."

Sufuria za jikoni zilinyamaza. Mjomba akakohoa kile kikohozi chake cha tangu hospitali. Mchumba akaweka kijiko chini taratibu, akawaomba wazee wawapishe kidogo. Na wazee wakatoka, wakafunga mlango, hawakuuliza.

"Umeniitaje?"

"Shemeji."

Akaitikia kwa kichwa. "Yeye alikuwa na kovu nyuma ya sikio. Wewe huna. Niliangalia siku ile ile pale getini."

Shoto akaweka birika mezani. "Ulijua? Sasa unakuja kufanya nini hapa kila Jumapili?"

"Nakuja kwa sababu unaweza," Mchumba akasema. Hakuwa na hasira hata chembe. "Miaka tisa umemfanya, kazini wamekubali, mama yake mzazi amekubali. Mimi ni nani nikatae? Umeshafika mbali, malizia tu. Hili la kuniita shemeji ukiliacha, baada ya miezi sita nitakuwa nimesahau. Na wewe utakuwa umesahau."

"Na mimi? Mimi mwenyewe niende wapi?"

Mchumba akatazama huku na huku sebuleni, kama mtu anayetafuta ni nani mwingine aliyemo. Halafu akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Wewe ulizikwa," akasema. "Pole sana."

Shoto hakumpiga. Watu wa mtaani mnapenda kusema alimmwagia chai, hakumwagia. Aliogopa sana hata hasira haikuja. Kilichomtisha si kwamba yule bwana ni mwovu. Kilichomtisha ni kwamba kwa sekunde kadhaa aliona ni kweli, na ilikuwa raha. Kuna nyumba, kuna mume mpole, kuna mama mwenye furaha, kuna kazi ya kudumu. Kila kitu kimetandikwa, amebaki yeye tu kulala juu yake afumbe macho. Na humo ndani, chini kabisa, kuna mtu mdogo amesimama benchini kwa sababu amesikia anaitwa, na kila mtu anamwambia kaa, mama, kaa.

Akafungua mlango wa mbele akatoka. Akatembea hadi makaburini, mchana mweupe, na lile gauni la kijani mwilini. Akakaa kwenye saruji juu ya jina lake. Alikuja aling'oe, alikuwa na nia hiyo, ameokota hata kipande cha chuma njiani. Lakini alipokaa akawaza kitu kilichomvunja: aliyelala humu chini ni Dada. Na Dada hajaliliwa. Miaka tisa ya machozi yote yalikwenda kwa mtu aliye hai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama hapa akaita jina lake, akamwambia pole, tulikupenda, umeondoka mapema. Walimwibia jina wakampa mdogo wake, wakamwacha alale ndani ya jina la kuazima, hata Pumzika si yake.

Akaliita jina la Dada kwa sauti. Mara tatu. Mara ya kwanza alisikia kama anajiita mwenyewe, nywele zikamsimama. Mara ya pili ndege wakaruka kwenye ukuta. Mara ya tatu lilitoka kama jina la mtu mwingine, na hapo ndipo akalia, kama mdogo anavyomlilia dada. Alilia mpaka mlinzi akamletea maji, akamuuliza huyu ni nani wako. Akasema ni dada yangu. Mlinzi akasoma jina, akasema poleni.

Falsafa aliyotoka nayo pale si ya kitabuni. Aliisema mwenyewe kwa Kamanda kesho yake asubuhi, na hii hapa kama alivyoisema: heri niyakosee maisha yangu kuliko niyapatie ya mtu mwingine.

Kamanda alikuwa anahesabu mashuka. Shoto akavua kitambulisho akakiweka juu ya rundo, akaeleza yote, cheti, karani, kaburi. Kamanda akakaa kwenye kapu la nguo chafu, kapu likalia. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimgombeza nani?"

Halafu akakumbuka masikio na daktari, akaanza kucheka, akaishia kufuta macho kwa foronya. Akamwambia ukweli pia: lazima aandike barua kwa wakubwa, hawezi kuficha, na kazi itapotea, na kesi inaweza kuja, Mjomba na Mama wote wanaweza kuitwa. Ungenyamaza, akasema, hakuna mtu angejua.

"Mimi ningejua," Shoto akasema. "Na nilikuwa naanza kusahau."

Mjomba alimtukana kwenye simu hadi salio likaisha. Mchumba hakurudi, alipeleka tu mtu kulichukua gauni. Mama hakugomba. Alimkunjia nguo zake chache, vizuri, kama za msafiri, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amemuua dada yake. Akafunga mlango. Siku hizi kila Jumapili anakwenda makaburini na ndoo yake, na anayemlilia ni yule yule. Shoto alimfuata mara moja, akasimama mbele yake kabisa, akasema Mama, niko hapa. Mama akamzunguka kama mtu anavyozunguka kiti, akaendelea kufagia.

Basi akaenda ofisi ya vizazi na vifo, dirisha la tatu. Karani wa pale ni kijana, mchangamfu. Akachapa jina, akachapa mwaka, akasoma, akamwambia huyu amefariki, wewe ni nani wake?

"Ndiye mimi."

Karani akamtazama, akaitazama kompyuta, akamtazama tena. Akamwambia dada yangu, dirisha hili tunapokea ndugu wa marehemu, marehemu wenyewe huwa hawaji. Shoto akacheka. Safari hii kilikuwa kicheko chake, kikubwa, kisicho na adabu, foleni nzima ikageuka. Mpaka leo anasema hicho ndicho kitu kizuri alichosikia mwaka huu.

Lakini kufufuka ofisini si mchezo. Kiapo cha mjomba na mama hakitoshi, na hata kingetosha hawatakitoa. Wanatakiwa mashahidi wawili, si ndugu, waliomjua Shoto kabla ya ile tarehe ya kifo, waje wamtazame usoni waseme ni yeye, watie sahihi. Siku thelathini. Zikipita, faili linafungwa na yeye anabaki marehemu, na hiyo kesi ikija atashtakiwa kwa jina la Dada, hata kujitetea kwa jina lake hataweza.

Alimtafuta Kidoti. Kidoti hakukubali haraka, alimfungulia mlango nusu. Akampa kipande cha chaki akamwambia aandike sakafuni, kushoto. Akamuuliza ni nani aliyeweka chura kwenye droo ya mwalimu wa hesabu. Shoto akasema, "Ni wewe, mwongo mkubwa, na viboko nilipigwa mimi." Kidoti akafungua mlango wote. Kesho yake wakaenda pamoja, akatia sahihi, midomo inasali, kwa sababu alikuwa amemwombea marehemu huyo miaka tisa.

Sasa hivi Shoto anakaa chumba cha uani kwa Kidoti. Anapiga pasi nguo za watu, kwa mkono wa kushoto, na wiki jana aliunguza suruali ya mteja akagombezwa vibaya. Msimsifie kwamba ana raha, hana. Bado mtu akiita jina la Dada barabarani shingo yake inageuka kabla yeye hajaamua. Bado asipojiangalia, mkono wa kulia unachukua kalamu. Ile sufuria ya maziwa bado anaiona. Hajui vitu vingapi humo ndani ni vyake. Anaviokota kimoja kimoja, kisicho chake anakiweka pembeni, polepole, na chai anakunywa bila sukari hata kama siku hizi inamkera.

Shahidi wa pili hajapatikana. Siku zimebaki nne. Darasa lile la saba, shule ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlikuwa arobaini na tatu, na wengi mmo humu mtaani, mnapita pale uani mnamwona, mnanong'ona, mnahamisha watoto upande wa pili wa njia. Mnamjua. Wewe uliyenakili majibu yake ya sayansi ukafeli naye. Wewe uliyemkimbilia nyuma ya choo akakupigia yule mvulana jiwe. Hatutaki pole yako, na acha kutuma salamu. Chukua kitambulisho chako, nenda dirisha la tatu kabla ya saa sita, mtazame usoni, useme ni yeye, utie sahihi.